Mzee Mwero na Upande wa Chini wa Walsi

Baada ya miaka thelathini na sita katika hoteli yetu hapa Diani, Mzee Mwero Chome anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2024. Alianza na reki bustanini. Baadaye alihamishiwa ukumbi wa chai, akakabidhiwa piano: aipanguse, na ahakikishe ile balbu ndogo ya ndani haizimiki, maana joto lake hukausha hewa ya chumvi inayokula nyaya. Balbu hiyo aliilinda kuliko miwani yake, ambayo ameipoteza mara sita.

Mjane mmoja wa Kijerumani aliyekuja kila mwaka, tuliyemwita Mama Walsi, alimfundisha kipande kifupi kilichotungwa Ulaya karne ya kumi na tisa: walsi, yaani muziki wa dansi wa Kizungu, ya watu wawili kwenye piano moja. Ukurasa wa kushoto ni wa anayepiga sauti nzito za chini. Wa kulia ni wa anayepiga juu. Mzee wetu, kwa vidole vyake vya reki, alijifunza wa kushoto. Kila saa kumi alasiri walikaa bega kwa bega, wageni wakasahau chai yao.

Mama Walsi alifariki mwaka 2007. Kesho yake baada ya habari kutufikia, saa kumi, Mzee Mwero alikaa palepale kushoto mwa benchi, akapiga upande wake. Hajaacha tangu hapo. Mhudumu mgeni akijisahau akakaa kulia kupumzisha miguu, huambiwa kwa upole, "Ondoka hapo mwanangu, pana mwenyewe."

Tulimcheka sana. Kisha Mahir, fundi wa piano kutoka Mombasa, aliifungua akakuta vitufe vya juu vimelika sawasawa na vya chini. Chai yake hakuimaliza.

Machi mwaka huu malaria ilimlaza Mzee siku mbili. Saa kumi, pasipo mtu kwenye benchi, sauti za juu zilianza. Chache tu, kimya, kisha tena zilezile, kama mtu anayepiga hodi na haitikiwi. Nilikuwa mapokezi, nilisikia kwa masikio yangu. Niliogopa, sikatai.

Basi barua ya kustaafu ilipofika, Mzee alikuwa na swali moja tu: nani atamwitikia? Akanifundisha mimi, miezi saba. Alhamisi iliyopita alinikalisha kushoto, yeye akasimama mlangoni. Nikapiga. Juu pakaitikia, na bega langu la kulia likaingiwa na baridi.

"Alhamdulillahi," akasema, "amekukubali." Alikuwa akijifuta machozi kwa kitambaa cha kupangusia. Miaka yote hiyo hakuwahi kuusikia muziki ule akiwa amesimama kando.

Ahsante, Mzee wetu. Rudi nyumbani Kikoneni kwa mkeo Bi Asiya na mihogo yako, Mwenyezi Mungu akujaalie afya na umri mrefu wenye raha. Piano nimeipokea na balbu inawaka. Ila ikifika saa kumi, nakuomba, simu yako usiizime.

Nusra, Mapokezi