Filimbi ya Phinées

BERTHE: Haloo? Ni nani?

MALIRO: Haloo! Ni miye, Maliro, huku Beni. Wasibire, shemeji! Butembo inasema nini?

BERTHE: Mvua tu. Germaine ameshaniambia asubuhi, tukitoka misa. Eti munamutia Phinées mu mashini.

MALIRO: Ah, Germaine! Kinywa chake hakina mulango. Nilitaka usikie kwangu kwanza.

BERTHE: Sema basi.

MALIRO: Jumapili tunatosha matanga ya kaka Phinées, tunamaliza kilio. Bila filimbi haiwezekane. Na unajua desturi, kila mutu filimbi yake, sauti yake moja. Mumoja akikosekana, wimbo unabaki na shimo.

BERTHE: Ninajua.

MALIRO: Tangu bamuuwe pa shamba, kule Eringeti, hakuna mwenye anakubali kupiga yake. Hata kuigusa. Donc, Aristote wangu alikamata ile sauti nilienregistraka mu simu, ku ndoa ya Séphora, kwenu kule. Akaikata, akatosha filimbi ya kaka peke yake. Itatokea mu bafle, ile spika kubwa, pale pa shimo. Mais ni bwana yako; bila ruhusa yako, hapana.

BERTHE: Weka nisikie.

MALIRO: Ngoja... (filimbi moja, mara tatu, réseau ya simu inakwaruza) Umesikia?

BERTHE: Nimesikia. Haiko Phinées.

MALIRO: Shemeji! Ni pumuzi yake kabisa—

BERTHE: Pumuzi ni yake. Lakini inaingia kwa wakati.

MALIRO: Mais njo vile inafaa—

BERTHE: Phinées hakuingiaka kwa wakati hata siku moja. Ninyi wote mashavu yamejaa, munamungojea, munamutukana.

MALIRO: (anacheka kidogo, anaacha) Kweli. Aristote alisema, "Papa, baba mukubwa alikosea, nimemunyoosha."

BERTHE: Asimunyooshe.

MALIRO: Akichelewa tutapotea siye wote.

BERTHE: Mulipotea miaka yote, na batu bakacheza. Muache achelewe. Hivyo nakubali. Ile yenye haijakatwa, uko nayo?

MALIRO: Niko nayo. Mais iko makelele mule: mvua ku manjanja ya paa, Abigaïl anaita batoto—

BERTHE: Weka ile. Yote.

MALIRO: Unités zangu za simu zitaisha, shemeji—

BERTHE: Weka tu.

MALIRO: Bon. (mvua juu ya manjanja, filimbi zinaanza moja moja, jogoo)

BERTHE: Ule jogoo ni wetu.

MALIRO: Njo ule.

BERTHE: Tulipokimbia nilimuacha amefungwa kamba.

MALIRO: Germaine anasema haulalake.

BERTHE: Nafungaka macho.

MALIRO: Sasa sikiliza, tumefika pake. Tunamungojea... tunamungojea... (filimbi moja, imechelewa, vicheko) Huyu hapa! Umesikia? ... Shemeji? Haloo?

BERTHE: (pumuzi nzito, pole pole)

MALIRO: Berthe? ... Aa. Lala, mama. Nayiacha ipige mupaka uni—