Maji Meusi ya Mtaro wa Irbid

Waliokuwapo kwenye benchi la kahawa mjini Irbid, Alhamisi ile ya msimu wa zeituni, ni hawa: Samih Khalil Qawar, fundi saa, aitwaye Dira kwa sababu hupotea kila anapoanza kusema, Nawwaf Hijazin, sajenti mstaafu, aitwaye Jenerali, na Lutfi Marji, mwenye birika na kibanda cha kahawa, ambaye mlango wake ulikuwa umebandikwa ilani ya manispaa. Yaqub Issa Swais, aliyesafisha mitaro ya mji kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwapo. Alikuwa mgonjwa kitandani tangu Jumapili. Nafasi yake ukingoni mwa benchi haikukaliwa na mtu.

Ilani ilisema kwamba maji meusi yalikuwa yakitoka kwenye mtaro wa mvua na kuua vyura bondeni, na kwamba mtaro ni wa mvua tu. Lutfi alishukiwa kumwaga humo mashapo ya kahawa. Asipojisafisha kufikia adhuhuri ya siku hiyo, kibanda kingefungwa. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na kazi nyingine hakuijua.

Jenerali alishikilia kwamba hayo ni mafuta ya vifaru vilivyozikwa zamani. Dira akasema sivyo, ardhi ya Irbid inatoa jasho la petroli, na mwakani kila mtu hapa atakuwa na dereva.

— Wewe hata baiskeli huna, alisema Jenerali.

— Ndiyo maana nitaanza na dereva.

Baadaye Dira aliwaingiza Warumi, waliochimba njia chini ya mji na kusahau huko mapipa ya wino. Kila mtu alishukiwa, waliokufa kwa waliooza. Kinu cha Dirgham cha kukamulia zeituni, mita mia mbili juu ya barabara, hakikutajwa. Wote walikuwa na magunia yao ya zeituni kwenye foleni ya kinu hicho, Lutfi akiwamo.

Lutfi alitia mdomoni funda moja la kahawa na kulitema. Jana alasiri alimpelekea Yaqub kahawa nyumbani, na Yaqub akamwambia taratibu: «Chini ya sakafu ya Dirgham lipo bomba. Nililiona mwaka nilioanza kazi. Mwambie mkaguzi.» Aliyemsema Dirgham msimu huu angekamua zeituni zake kwa meno.

Mkaguzi alifika saa tano, binti mwenye viatu vya mpira, jina lake Rim Shuqair, na chupa mbili za rangi. Alimwaga nyekundu kwenye sinki la Lutfi, akampigia simu mwenzake aliyekuwa bondeni. Wakangoja. Hakuna chochote chekundu kilichotoka mtaroni, maji ya Lutfi yalikuwa yakienda kwenye bomba la maji taka, yanakostahili.

— Basi maji meusi yanatoka wapi, ami? aliuliza.

Dira alitazama saa yake. Jenerali alitazama viatu vyake.

— Kwa Dirgham, alisema Lutfi. Chini ya sakafu. Nimeambiwa lipo bomba.

— Lutfi, magunia yangu manane yako ndani, alisema Jenerali.

— Yangu sita.

Rim alipanda kinuni na chupa ya kijani. Benchi zima lilishuka bondeni, Jenerali akitangulia kana kwamba wazo lilikuwa lake. Dakika kumi hazikutimia: kwanza yalitoka maji meusi ya zeituni, mazito, yenye harufu kali, kisha mtaro ukatapika kijani, kijani cha kung'aa, mpaka mawe yakapakwa. Dira alikumbatia watu asiowajua. Jenerali alipiga saluti. Lutfi alisimama na kucheka bila sauti, machozi yakimtoka.

Adhuhuri bomba la Dirgham lilizibwa kwa saruji, na kinu kikafungwa mpaka ajenge tangi la maji yake machafu. Rim aliibandua ilani kwa mkono wake mwenyewe, akaipasua mara nne. Magunia yao yalibaki ndani, na hakuna aliyeyataja. Lutfi alimimina kahawa kwa mtaa mzima, akaweka kikombe kimoja mahali pa Yaqub.

— Ningependa kumshukuru aliyekwambia habari za bomba, alisema Rim. Ni nani kati yenu?

Lutfi alinyoosha kidole kuelekea nyumba ya Yaqub, akamwona Hind, binti wa mzee huyo, akija barabarani bila mtandio. Alifika kwenye benchi, akakitazama kile kikombe. Alisema baba yake, Yaqub Issa Swais, alifariki saa nne na nusu asubuhi.