Moreen Nabalayo, Aliyesimama Akasema Amepona

Wapendwa mliokusanyika hapa Kyebando, Kampala, kabla gari halijaondoka kwenda Kimilili kwa mazishi, maneno haya yanasomwa na Nakhisa, mdogo wake marehemu. Familia ilimwomba aseme ukweli na asiseme mengi. La kwanza atalijaribu.

Marehemu Moreen Nabalayo Wangila alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979 kijijini Kamukuywa, Bungoma, nchini Kenya, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Khaemba na mama Rasoa. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mama husema hata alipokuwa mchanga alilia hadi majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani.

Alisoma shule ya msingi palepale kijijini, akamaliza darasa la nane mwaka 1994. Sekondari aliishia kidato cha pili, karo ilipokatika. Alilia wiki nzima, kisha akafuta machozi akaenda kuuza nyanya sokoni.

Mwaka 2001 alivuka mpaka pale Malaba, akaja Kampala kuuza viatu vya mitumba katika soko la Nakivubo. Jirani yake wa kibanda alikuwa mwanamke mwenzake, Joska, mwenyeji wa Lira, muuza nguo za watoto. Joska ndiye aliyempa pa kulala, akamfundisha Kiganda cha kuitia wateja, na miaka ikapita wakila sahani moja. Marehemu hakukuuzia kiatu mpaka ujaribu miguu yote miwili. "Mguu mmoja hudanganya," alikuwa akisema, na mteja mwenye haraka alikoma siku hiyo.

Tarehe 18 Septemba 2004 alifunga ndoa na Bwana Wangila, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache kama mnavyomwona. Mungu akawajalia Situma na Nelima. Nyumba ilipata msemaji, na Wangila hakulalamika hata siku moja.

Mwaka 2016 aliokoka, na aliokoka kwelikweli, si mdomoni tu. Alijiunga na akina mama wa maombi wanaoongozwa na dada Olivia. Walifundishwa kwamba rafiki asiyekusogeza kwa Mungu anakurudisha nyuma, kwa hiyo kila mmoja achague marafiki zake upya. Fundisho zuri, nani atabisha? Marehemu akachagua. Joska, asiyekanyaga kanisani na anayependa bia yake ya Jumamosi, akaachwa. Vibanda vilibaki jirani, lakini chakula kila mtu akala chake, wakawa watu wa salamu tu.

Machi 2022 alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Akina mama wakafunga, wakakesha, wakamwekea mikono. Jumapili tarehe 5 Juni mwaka huo aliamka, akajipapasa, asiuone. Alisimama mbele ya kanisa akasema, "Nimepona!" Jamani, watu walirukaruka! Simu zikarekodi. Video ikatembea mji mzima, naye akaitwa mpaka Ggaba kutoa ushuhuda ule ule.

Mwaka uliofuata uvimbe ulirudi.

Hapa ndipo tusidanganyane. Marehemu hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba Mungu aliyemtangaza kwa kipaza sauti amebadili nia? Aliona aibu kwa niaba ya Mungu. Akaanza kuvaa sweta jua likiwaka. Wangila alipomsogelea usiku, alimwambia yuko kwenye mfungo. Akajifungia peke yake, akimsihi Mungu amalize kimyakimya kile ambacho yeye alikwisha kukitangaza. Marafiki aliowachagua walikuwa wema, hakuna aliyemtakia mabaya, na hilo ndilo linalouma. Hawakumuuliza kitu, kwa sababu kwao alikwisha kupona, na mtu aliyepona haulizwi hali.

Aliyeuliza ni Joska. Februari mwaka huu alimwona akiburuta gunia kwa mkono mmoja.

"Moreen, ile mukono ya kushoto iko na nini?"

"Nimeulalia vibaya."

"Kulalia vibaya mwaka muzima? Banange! Wacha viatu, panda boda."

Hospitalini daktari alimpima, akavua miwani, akasema ugonjwa umefika kwenye mapafu na mifupa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Walisema kweli, lakini hawakusema mtu afanye nini akiwa ameficha kwa ajili ya Mungu wake.

Dada Olivia na wenzake walikuja wodini wakaimba. Marehemu alivuta blanketi hadi shingoni, akatabasamu, akawaambia anaendelea vizuri. Walipotoka aligeukia ukutani.

"Joska, niombee. Mungu anisamehe, nimemharibia jina."

"Mimi sijui kuomba," Joska akajibu. "Lakini hiyo Mungu gani inaona haya ya mugonjwa?"

Marehemu hakulizungumza tena jambo hilo, wala hakuna kati yetu aliyeona uso wake umepata nafuu. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Joska.

Video ile bado inazunguka. Nelima aliomba ifutwe, akaambiwa inawajenga wengi. Jumatano, maiti ikiwa mochari, mtu tusiyemjua alimtumia Wangila video hiyo hiyo, akaandika chini yake: usikate tamaa, ndugu, tazama huyu mama alivyopona. Wangila aliitazama mpaka mwisho. Mkewe alikuwa mzuri sana siku ile.

Marehemu ameacha mume, Bwana Wangila. Watoto, Situma na Nelima. Mama mzazi, mama Rasoa. Mdogo wake, Nakhisa. Dada zake wa maombi. Na Joska, ambaye atapanda gari la mbele pamoja na familia, na asiulizwe anasali wapi.

Pumzika kwa amani, dada. Hakuna tena anayekungoja usimame useme umepona.