Odile Kervadec na Vipimo Vilivyotupwa

Baada ya kufundisha falsafa ya sayansi kwa miaka thelathini na minane katika kitivo chetu hapa Grenoble, Profesa Odile Kervadec anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti. Tunasema "rasmi" kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu anayeamini kwamba atatulia. Ofisi yangu iko chini ya yake, na tangu niajiriwe nimekuwa nikimsikia akitembea juu ya kichwa changu: dirishani, mlangoni, dirishani tena. Mwaka aliougua mafua dari likawa kimya, kazi ikanishinda, nikapanda kwenda kuona kama yu hai. Nilimkuta amejifunika blanketi, anatembea kwa soksi.

Alizaliwa Douarnenez, kwenye pwani ya Brittany, binti wa pili wa mama aliyefunga samaki makoponi kiwandani. Alikwenda Rennes kusoma kemia, na alikuwa akifanya vizuri, hadi siku moja katika mwaka wa mwisho alipopata jibu lisilofanana na la wenzake. Msimamizi wake alilitupia jicho kutoka mlangoni, akasema, "Binti, chombo chako kichafu. Osha, urudie."

Aliosha, akarudia, akapata jibu lililotakiwa na alama nzuri juu yake. Lakini moyo ulikataa kutulia. Msimamizi alijuaje kwamba chombo ni kichafu, na hata hakukigusa? Wiki hiyohiyo aliomba kuhamia falsafa. Mama yake alipopewa habari kwa simu aliuliza, "Na hiyo falsafa, mwanangu, wanaajiri wapi?" Odile husema kwamba katika maisha yake yote ya usomi hajaulizwa swali gumu kuliko hilo.

Alipofika kwetu alikataa kujifungia maktabani. "Nikitaka kujua watu wanavyopika, siendi kusoma menyu," alimwambia mkuu wa kitivo wa wakati ule. Akaomba nafasi katika maabara ya barafu, akapewa kiti kando ya chumba cha baridi. Humo ndimo alimokutana na Luc Fayolle, mtafiti aliyekuwa akichimba barafu ya kale milimani na kupima hewa iliyonaswa ndani yake tangu zama ambazo hakuna mtu aliyeziandika. Odile alimuuliza kila kitu, na akijibiwa aliuliza tena. Fayolle alimpachika jina la Bibi Kwa Nini. Kisha akaanza kumletea kahawa, na kwa Fayolle hiyo ilikuwa sawa na hotuba ya kumkaribisha.

Majira fulani ya baridi, barafu kutoka shimo moja ilitoa vipimo vya ajabu, visivyolingana na chochote. Fayolle alivitazama, akasema, "Mafuta ya mtambo wa kuchimbia haya," akaviondoa.

"Umejuaje?" aliuliza Odile.

"Nimejua tu. Nimeshika barafu tangu ujana wangu."

Odile hakuuliza mara ya pili. Alichukua koti lake akaondoka. Machoni pake ilikuwa kama yuleyule msimamizi wa Rennes amesimama mlangoni, na kutokana na hasira hiyo kikazaliwa kitabu kilichompa jina, *Pipa la Maabara*. Kiini chake ni kwamba wanasayansi hutupa wasichokitarajia, halafu hukiita uchafu. Kitabu kilisomwa, kikatafsiriwa, redio za Paris zikamwita. Hakumtaja Fayolle kwa jina, ila hapa mjini hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Wakati huo Fayolle alikuwa karibu kuteuliwa mkuu wa maabara. Kwa sababu ya kitabu hicho kamati ya uteuzi ikaanza kusitasita, na mwishowe nafasi ikapewa mtu kutoka nje. Fayolle alihamishia kikombe chake chumba kingine. Kwa miaka kadhaa hawakusalimiana. Wakikutana kwenye tramu, Fayolle alishuka kituo kilichofuata akatembea kwa miguu, hata mvua ikinyesha.

Kisha timu nyingine ilichimba karibu na shimo lile kwa mtambo usiotumia mafuta, na vipimo vya ajabu havikuonekana tena. Fayolle alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Hakuna aliyemdai Odile neno. Mchapishaji wake, aliyekuwa akiandaa toleo jipya, alimsihi, "Usijichome mwenyewe, Odile. Hicho ni kitabu cha falsafa, si cha barafu." Waliokuwa na ofisi chini ya yake wakati huo husimulia kwamba dari halikupumzika juma zima. Mwishowe aliitisha mhadhara katika ukumbi mkubwa, akasimama bila karatasi.

"Nilichukua kosa la mtu mwingine wa zamani nikamvika Fayolle," alisema. "Nikamshutumu kwamba aliamua bila kuchunguza. Na mimi je? Niliamua bila kuchunguza."

Watu walipiga makofi, jambo lililomuudhi sana, kwa sababu aliyestahili kuyasikia maneno yale hakuwepo. Fayolle alikuwa kambini mlimani. Basi Odile, ambaye hupata kizunguzungu akipanda ngazi ya kubadilishia balbu, alipanda kibanda kinachoning'inia kwenye waya wa mlimani hadi kinapoishia, kisha akatembea juu ya theluji nyuma ya mwongozaji, amefumba jicho moja upande wa genge. Waliokuwa kambini wanakumbuka uso wake ulivyofika mwekundu kwa upepo.

"Fayolle, nimekuja."

"Nakuona. Umekuja kuomba radhi, au kutafuta maneno ya kitabu kingine?"

"Sijui. Labda vyote viwili."

Fayolle alicheka bila kupenda. "Angalau huo si uongo. Haya, shika koleo."

Alishika koleo hadi viganja vikatoka malengelenge. Wakati wa supu ndipo Fayolle alipoyatoa ya moyoni. "Si cheo, Odile. Cheo kilikwenda na kimekwenda. Wewe ulikuwa ukiniuliza kitu kimoja mara kumi, mpaka nikakuchoka. Siku ile uliuliza mara moja tu, ukaondoka. Ungeuliza tena ningekuonyesha."

Siku iliyofuata Odile alimwomba amwonyeshe, na Fayolle akamwonyesha: barafu iliyoguswa na mafuta hupasuka kwa sauti nyingine, na ina harufu ambayo pua ikishaizoea haiisahau.

Toleo jipya la *Pipa la Maabara* lilitoka na sura nzima iliyoandikwa na Fayolle, ya kumpinga mwenye kitabu ndani ya kitabu chake. Wapo wasomi wa Paris waliosema Odile ameharibu hoja nzuri. Mialiko ikapungua. Kwa maoni yetu, toleo hilo ndilo kazi yake kubwa kuliko zote alizoandika. Hata hivyo Fayolle hakupata ukuu wa maabara, wala hakuupata baadaye. Nilipompa Odile rasimu ya wasifu huu, alinirudishia na maneno haya pembeni: "Umeandika 'walipatana'. Futa, Thibault. Sema alinisamehe polepole, na si yote." Nimefuta.

Kutokana na safari ile lilizaliwa somo la Makosa, ambalo wawili hao walilifundisha pamoja kwa miaka mingi, wakibishana mbele ya wanafunzi hadi wanafunzi wakasahau kuandika. Mwaka wa mgomo mkubwa, lango lilipofungwa, walilifundishia nje kwenye theluji. Safari moja Odile alikuwa akisahihisha tasnifu ndani ya treni ya kutoka Paris, akitakiwa kushuka Lyon, akaja kuinua kichwa yuko Marseille, mbali kusini. Alitupigia simu kutuuliza kama tunahitaji sabuni, maana mji huo unasifika kwayo.

Somo hilo sasa linachukuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, Dakta Inès Belkacem. Odile alimpa agizo moja tu: "Usinitetee."

Mhadhara wake wa mwisho ulifanyika mwezi uliopita. Fayolle alikuja na mkongojo, akakaa mahali ambapo sikio lake linalosikia lilielekea jukwaani. Katikati ya mhadhara alinyanyua mkono. "Hapo umekosea." Odile alishuka jukwaani, wakaanza kubishana. Muda ulipokwisha mlinzi alitaka kufunga ukumbi, wakahamia kwenye ngazi. Sisi tulikwenda kula jibini na kunywa mvinyo tulivyowaandalia, na mpaka leo hatujui nani alishinda.

Anarudi Douarnenez kuishi na dada yake Annick, ambaye ametuambia kwa simu, "Aje, ila asinigusie makabati yangu." Heshima ya kubaki na ofisi ameikataa. Nilimsaidia kushusha vitabu, na tulipotua mzigo nilimuuliza kama ana furaha.

"Naogopa," alisema. "Huko sitakuwa na mtu wa kuniambia nimekosea."

Profesa Kervadec, asante kwa yote uliyotufundisha, na kwa namna ulivyojifunza mbele ya macho yetu. Simu zetu unazo. Utakachoandika huko tutumie, nasi tutakubishia bila huruma. Nenda salama, upate afya, na miaka iliyobaki iwe ya mema matupu.

Kwa niaba ya wenzako wote,
Thibault Marchandeau