Mwalimu Castory Mdoe na Neno Nililomsahihisha Mbele za Watu

Ndugu waombolezaji, shikamooni wazee wangu, mimi ni Loyce, mtoto wa pili wa marehemu, niliyewaomba ndugu zangu waniachie kusoma historia hii, na sababu yake mtaisikia.

Mwalimu Castory Mdoe alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kwedizinga, Handeni, akasoma hapo hadi darasa la saba mwaka 1973, akahitimu ualimu mwaka 1977, na Januari 1978 akaanza kufundisha Kiingereza katika shule ya kijijini kwao, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na sita. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, Fausta, wa Masuguru, Korogwe, wakajaliwa watoto watatu, Kaleb, mimi na Eliasi.

Ijumaa ya tarehe 12 Septemba 2014, kwenye mahafali ya darasa la saba, baba alisoma hotuba ya Kiingereza aliyoiandika mwenyewe, akasema "the Handeni", nami niliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu nikapaza sauti mbele ya wageni, "Baba, Handeni haiwekewi 'the'!" Wageni walicheka, wanafunzi wake wakacheka, naye akakunja karatasi na kumalizia kwa Kiswahili. Jumatatu yake alimwomba mwalimu mkuu ambadilishie somo, na hakufundisha Kiingereza tena hadi alipostaafu mwaka 2017 na kuhamia Kwamndolwa.

Sikumwomba radhi, nilijiambia kwamba nilikuwa sahihi.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua, na tarehe 3 Juni mwaka huu wa 2024 alilazwa hapa Korogwe. Jioni moja aliniuliza taratibu, "Mwanangu, mgonjwa akilazwa, ni 'in hospital' au 'in the hospital'?" Nilijua ananipa nafasi ya kuligusa jambo letu, lakini nilimweleza kanuni, nikamtolea na mifano, naye akasema, "Asante, mwalimu." Alifariki Jumatano, tarehe 12 Juni, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa bado sijamwomba radhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kwamndolwa, na walimu wenzake, hasa Mwalimu Mwanaisha, aliyemtembelea kila Jumapili.

Baba, nilikuaibisha hadharani, na hadharani nasema nilikukosea. Nisamehe, upumzike kwa amani.