Baridi ya Mau

Ndani ya basi la Ziwani, kiti cha mbele yangu, mzee aitwaye Obura alikuwa akimweleza fundi wa pikipiki aliyeketi kando yake kwamba mguu wake mbovu hauwezi tena kupiga kiki kuiwasha pikipiki yake. "Nifungie stata na betri kubwa, niwe nabonyeza tu."

"Injini yako ni ya zamani, mzee, stata haina pa kukaa. Itabidi tung'oe injini nzima. Si uiuze tu, upande basi kama sisi?"

Nikawaza, kwani sasa amepanda nini?

"Nilipokuwa nikivuka milima ya Mau asubuhi kwa pikipiki kwenda kwetu Maseno," Obura akasema, "baridi ilinipiga hapa kifuani mpaka nikaimba. Tangu mwaka wa sabini na nane, mguu ulipoharibika, sijaisikia tena. Basi lina vioo, fundi."

Basi likasimama Ziwani. Fundi alikuwa amefika kwake, lakini hakuinuka; akamwuliza mzee pikipiki iko wapi.