Sajini Mkuu Salesio Mithika na Miaka Yake ya Doria Juu ya Bahari

Sajini Mkuu Salesio Mithika anastaafu tarehe 30 Juni 2009, baada ya kuitumikia nchi kwa miaka thelathini na mitano. Mimi Nelius, niliyekuwa nikishika redio kambini, nimepewa heshima ya kumsimulia.

Salesio ni mzaliwa wa Muthara. Alipopelekwa Pwani mwaka wa 1976, kikosi chetu cha ndege za doria kilikuwa kichanga: ndege mbili za propela na hema lililokuwa ofisi asubuhi na bwalo la chakula mchana. Kazi ilikuwa kuruka juu ya bahari kusaka magendo na kutafuta meli zilizopatwa na shida. Salesio alikuwa mtazamaji, mtu wa kukaa dirishani na darubini. Safari yake ya kwanza alitapikia kofia mpya, akaifua, akaivaa mbichi kwenye gwaride. Alinukia sabuni wiki nzima.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Kithaka wa Ishiara, mtazamaji mwenzake. Walilala chumba kimoja na kugawana ndengu zilizotoka kwa mamake Kithaka.

Mwaka wa 1987 Salesio alishikwa na malaria, Kithaka akaruka badala yake. Dhoruba ikaikuta ndege mbali na nchi kavu. Tuliitafuta majuma mawili, hatukupata hata kipande cha bawa.

Salesio aliomba apeleke habari Ishiara yeye mwenyewe. Mama Mukami, mamake Kithaka, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Hayo maji mnaona mwisho wake?"

"Hapana, mama."

"Basi usichoke kuangalia."

Hakuchoka. Alipandishwa cheo na kupewa ofisi, akaomba abaki dirishani. Kila zamu alikuwa akimtafuta mtu mmoja, na sote tulijua.

Macho hayo ndiyo yaliyookoa mabaharia kumi na mmoja mwaka wa 1993, meli iliyobeba saruji ilipozama. Rubani alikuwa ameshageuza ndege kurudi. Nilimsikia Salesio redioni: "Afande, zunguka tena. Kuna kitu cheupe kule."

"Ni povu, Mithika."

"Povu halipungi mkono, afande."

Kikosi kilivunjwa mwaka wa 1998. Katika doria ya mwisho rubani alipita mahali Kithaka alipopotelea, bila kuombwa. Niliomba ripoti redioni. Salesio akasema, "Sijaona kitu," kwa sauti ambayo sijaisahau. Tangu hapo amefundisha makurutu hapa Embu, na kila akisikia ndege darasani, somo husimama kidogo.

Mwezi uliopita alikwenda Ishiara kumwambia Mama Mukami kwamba anastaafu, na kwamba hakumwona Kithaka. Mama alikuwa akipepeta ndengu. Aliweka ungo chini.

"Mimi niliacha kumngojea zamani," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe uache. Mkeo Karimi amekulimia shamba peke yake miaka hii yote. Nenda kwako, mwanangu."

Salesio ananiambia alilia, na kwamba nisiandike hilo. Nisamehe, afande.

Asante kwa kila aliyerudi nyumbani kwa sababu uliangalia mara ya pili. Asante, Karimi, kwa kutuazima mume. Muthara ikupokee vizuri, Salesio, na Mungu akupe afya na miaka mingi ya kukaa mezani na watu wako.